Nani Atakuandikia Barua?

Simu ya mpwa wangu iliingia usiku, siku nne kabla ya tarehe 1 Mei. Alianza kama anavyoanza siku zote, "Shikamoo shangazi," na kabla sijamaliza marahaba akaniambia hajalala vizuri wiki nzima. Vyuo viwili vya Marekani vilikuwa vimempokea, vyote vina jina kubwa, na misaada ya fedha waliyomwahidi ilikuwa karibu sawa. Kimoja ni Johns Hopkins, Baltimore. Kingine ni Swarthmore, chuo kidogo nje kidogo ya Philadelphia. Tarehe 1 Mei ndiyo siku ambayo vyuo vingi vya huko vinataka jibu, na yeye alikuwa bado anaamka na chuo kimoja na kulala na kingine.

"Nataka kufika kwenye uzamivu, yaani PhD," akasema. "Biolojia ya seli. Hilo nimeshaliamua. Sasa niambie wewe uliyepita huko, shangazi, kipi kitanifikisha?"

Nilimsikia kaka yangu akisema kwa nyuma kwamba Hopkins inajulikana dunia nzima, kwa hiyo hakuna cha kujadili. Nikamwomba mpwa wangu anipe siku moja. Jibu nilikuwa nalo, tena lilinijia mdomoni palepale, lakini nilijua limetoka kwenye kidonda changu mwenyewe, na sikutaka mtoto wa watu achague maisha yake kwa kidonda cha shangazi yake. Siku ile nilikaa nikaandika. Makala hii imetokana na yale niliyoandika, na yale aliyokuja kunifundisha yeye baadaye.

Mimi nilisoma shahada ya kwanza katika chuo kikuu ambacho ukikitaja watu hunyamaza kidogo kabla ya kukupongeza. Sitakitaja, kwa sababu ninayoyasimulia yangeweza kunitokea katika vyuo vingi vya aina ile. Madarasa ya sayansi ya miaka miwili ya kwanza yalikuwa kwenye kumbi za watu mia tatu. Profesa aliingia kwa mlango wa mbele, akafundisha vizuri, tena vizuri sana, akatoka kwa mlango uleule. Maswali yetu yalijibiwa na wasaidizi, wanafunzi wa uzamivu ambao nao walikuwa na haraka ya kurudi maabara. Nilipata alama za juu. Nilidhani alama ndizo kazi niliyotumwa, nikaifanya kwa bidii zote, nikarudi chumbani kusoma zaidi.

Oktoba ya mwaka wa nne nikafungua fomu za maombi ya uzamivu. Kila idara ilitaka barua tatu za mapendekezo kutoka kwa watu wanaoijua kazi yangu. Nilichukua karatasi nikaandika majina ya maprofesa wote wa sayansi walionifundisha. Walikuwa tisa. Kisha nikajiuliza ni nani kati yao angeniita kwa jina tukikutana njiani. Hakuna.

Nilikwenda kwa profesa wa kemia ambaye darasa lake nilikuwa nimepata alama ya juu kabisa. Alinipokea kwa upole. Akafungua kompyuta, akatafuta jina langu, akaona alama, akatabasamu. "Ulifanya vizuri sana. Nitumie wasifu wako, nitaandika." Na aliandika. Sikuisoma barua ile, lakini leo najua ilisema nini, maana nimesoma mamia ya dada zake: mwanafunzi huyu alikuwa miongoni mwa bora darasani, alihudhuria, alikuwa makini, namtakia kila la heri. Barua ya namna hiyo haina ubaya hata kidogo, na ndiyo iliyonifungia mlango.

Niliomba idara nane. Zote nane zilinikataa.

Miaka miwili iliyofuata nilifanya kazi ya ufundi wa maabara. Nilikuza seli, niliosha vyombo, nilirudia jaribio moja mara kumi na nne mpaka likakubali, na kila Ijumaa niliketi na mkuu wa maabara tukapitia nilichokosea. Baada ya miaka hiyo miwili yeye ndiye aliyeniandikia barua. Niliomba tena, idara sita safari hii, na tano zikanipokea. Cheti changu cha shahada ya kwanza kilikuwa kilekile. Alama hazikuwa zimebadilika hata nukta moja. Jina la chuo lilikuwa lilelile lililonyamazisha watu. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na mtu mzima mwenye heshima katika fani aliyeweza kueleza, kwa mifano, ninavyofikiri ninapokwama.

Sasa mimi ndiye ninayesoma barua hizo. Nimekaa kwenye kamati ya udahili ya idara yangu kwa misimu mitatu, na ningependa kila kijana anayechagua chuo kwa kuangalia mbele aketi na sisi jioni moja tu ya Januari. Watu wengi hawajui kwamba Marekani uzamivu wa sayansi haupokelewi na ofisi kuu ya chuo kama shahada ya kwanza. Wanaosoma faili ni maprofesa wenyewe wa idara, walewale watakaokaa na huyo mtu miaka mitano au sita. Hawahitaji muombaji awe na shahada ya uzamili kwanza. Wengi huingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Tena idara humlipia ada na kumpa posho ya kuishi. Kwa hiyo swali linaloulizwa mezani ni moja, kwa maneno tofauti tofauti: huyu akipewa tatizo ambalo hakuna anayejua jibu lake, atafanya nini? Alama hazijibu swali hilo. Alama zinasema mtu anajua kujibu maswali ambayo majibu yake yapo. Jina la chuo linasaidia mwanzoni, sitadanganya. Linamfanya msomaji aliyechoka afungue faili kwa matumaini. Lakini baada ya dakika tatu amefika kwenye barua, na hapo jina halina la kuongeza.

Hebu tupige hesabu ya muda, kwa sababu ndiyo iliyonishinda mimi. Maombi ya uzamivu hufungwa mara nyingi Desemba ya mwaka wa nne. Barua zinaombwa Septemba au Oktoba. Ili profesa awe na kitu cha kusema anahitaji kukuona ukifanya kazi walau mwaka mmoja na kiangazi kimoja. Rudi nyuma kutoka hapo: lazima uwe umeingia katika maabara ya mtu kabla mwaka wa pili haujaisha. Shahada ya miaka minne, ukiitazama kwa jicho la uzamivu, ni kama miaka mitatu na miezi mitatu, na sehemu yenye uzito inaanza mapema kuliko mtoto wa miaka kumi na tisa anavyodhani. Chuo kinachokuweka kwenye ukumbi wa watu mia tatu mpaka mwisho wa mwaka wa pili kimekula nusu ya muda wako, hata kama jina lake linang'aa.

Hapo ndipo kidonda changu kilipotaka kumwambia mpwa wangu: nenda Swarthmore, usiniulize zaidi.

Na kuna ushahidi ambao ungeniunga mkono. Serikali ya Marekani, kupitia taasisi yake ya taifa ya sayansi, imekuwa ikikusanya tangu mwaka 1957 taarifa za kila anayehitimu uzamivu katika vyuo vya nchi hiyo, ikiwemo chuo alichosomea shahada ya kwanza. Ukihesabu vichwa tu, vyuo vikuu vikubwa vya umma vinaongoza, na lazima iwe hivyo, maana vina makumi elfu ya wanafunzi. Lakini ukigawanya kwa idadi ya wahitimu, sura inageuka. Caltech, chuo cha teknolojia cha California, inakaa juu, na karibu yake vinakuja vyuo ambavyo watu wengi nje ya Marekani hawajawahi kuvisikia: Harvey Mudd wa California, Reed wa Oregon, Carleton wa Minnesota, na huyo Swarthmore. Vyuo vyenye wanafunzi kama mia tisa hadi elfu mbili hivi, ambavyo havina wanafunzi wa uzamivu kabisa, vinazalisha madaktari wa falsafa kwa kiwango kinachovizidi vyuo vikuu vingi vyenye majina makubwa zaidi.

Sababu haina siri. Profesa wa chuo kidogo akitaka kufanya utafiti, mikono aliyonayo ni ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Hana mwingine wa kumpa kazi. Swarthmore wana utaratibu wao maalumu, wanauita Honors, ulioanzishwa mwaka 1922 na Frank Aydelotte, rais wa chuo aliyekuwa amesoma Oxford: mwanafunzi anasoma kwa semina ndogo miaka ya mwisho, kisha anatahiniwa na wasomi walioalikwa kutoka vyuo vingine. Fikiria maana yake. Kijana wa miaka ishirini na mbili anaketi mbele ya mtu asiyemjua, mtaalamu wa fani, na kutetea anachokijua kwa mdomo. Reed kila mwanafunzi lazima aandike tasnifu kabla ya kuhitimu. Princeton, ingawa ni chuo kikuu kamili chenye uzamivu, nao wamewashikia karibu wanafunzi wao wote sharti la tasnifu ya mwaka wa nne, na ndiyo maana mimi humhesabu Princeton karibu na vyuo vidogo kuliko watu wanavyotegemea.

Ukitaka watu, wapo. Thomas Cech alisoma Grinnell, chuo kidogo katikati ya mashamba ya Iowa, akamaliza 1970, akaenda Berkeley kwa uzamivu, na mwaka 1989 akapata Nobel ya kemia kwa kugundua kwamba RNA, molekuli ndugu wa DNA, inaweza kuchochea mabadiliko ya kikemia yenyewe. Jennifer Doudna alisoma Pomona, chuo kidogo cha California, akahitimu 1985, akafanya uzamivu Harvard, kisha akaenda Colorado kufanya kazi kwa huyohuyo Cech. Nobel yake ilikuja 2020. John Mather, aliyepima mwanga wa kale kabisa wa ulimwengu, ni mtoto wa Swarthmore. Na sisi tunaye wetu. Wangari Maathai alikwenda Marekani mwaka 1960 na lile kundi kubwa la wanafunzi wa Afrika Mashariki waliosafirishwa kwa ndege, akapelekwa chuo cha masista wa Kikatoliki katika mji mdogo wa Atchison, Kansas. Chuo hicho hakikuwemo kwenye orodha yoyote ya vyuo vya fahari. Alitoka pale 1964 na biolojia yake, akaenda Pittsburgh kwa uzamili, na 1971 akapata uzamivu Nairobi. Kila ninapokumbuka safari hiyo huwa najiuliza ni nani aliyemwandikia barua ya kwenda Pittsburgh, na aliandika nini.

Lakini hapa nikasimama, kwa sababu kazi yangu imenifundisha kushuku hoja inayonipendeza mno. Vijana wanaokwenda Reed mara nyingi ni wale waliokwisha kupenda vitabu kupita kiasi tangu sekondari. Wale wanaotaka kazi za benki na ushauri wa kampuni huelekea kwingine. Kwa hiyo sehemu ya ule uwiano mkubwa ni watu wenyewe, si chuo. Wachumi Stacy Dale na Alan Krueger walilitazama jambo linalofanana na hili mwaka 2002 kwa upande wa mishahara: waliwalinganisha watu waliopokelewa na vyuo vinavyofanana lakini wakaenda vyenye sifa tofauti, na wakakuta mapato yao baadaye hayapishani sana, isipokuwa kwa waliotoka familia duni, ambao chuo chenye sifa kiliwasaidia kweli. Mwaka 2023 Raj Chetty, David Deming na John Friedman walitoa utafiti wenye rangi nyingine: kwenda mojawapo ya vyuo 12 vya juu kabisa, vya namna ya Harvard na Stanford, badala ya chuo kikuu kizuri cha umma kunakaribia kuongeza maradufu uwezekano wa kuingia chuo chenye sifa kwa masomo ya baada ya shahada ya kwanza. Hilo si dogo, na anayesema jina halina kazi kabisa hajalisoma. Ila huo ni ulinganisho wa kilele na chuo cha umma. Mpwa wangu alikuwa akichagua kati ya Hopkins na Swarthmore, na mtu akishafika ngazi hiyo, pengo la majina ni jembamba kuliko pengo kati ya idara mbili za chuo kimoja.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hulikosea, na nililieleza kwa kaka yangu kwa kirefu siku iliyofuata. Jina linalokuja kukubeba katika maisha ya usomi ni la chuo cha uzamivu. Mwaka 2022 kundi la watafiti walichapisha hesabu ya walimu wa vyuo vikuu vya Marekani na walikosomea: asilimia 80 ya waliosomea uzamivu nchini humo walitoka katika takriban moja ya tano ya vyuo, na vyuo vitano tu, Berkeley, Harvard, Michigan, Wisconsin na Stanford, vilikuwa vimewafunza mmoja kati ya kila wanane. Yaani mlango mwembamba uko mbele, kwenye uzamivu. Shahada ya kwanza ni mahali pa kujiandaa kuupita. Ukitumia nguvu zako zote kununua jina kwenye hatua ya kwanza, halafu ukafika mlangoni huna barua, ndipo unapokaa miaka miwili ukiosha vyombo kama mimi.

(Sijuti miaka ile miwili. Najuta tu kwamba hakuna aliyeniambia.)

Chuo kidogo nacho kina upungufu wake, na niliuona kwa rafiki yangu wa mwaka wa kwanza wa uzamivu. Alitoka chuo kidogo kizuri, barua zake zilikuwa moto, kamati ilimgombania. Wiki ya tatu nilimkuta maktaba saa tano usiku akilia. Wenzetu waliotoka vyuo vikuu vikubwa walikuwa wamekwisha kusoma kozi za uzamivu wakiwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, wakijua lugha ya makala za fani, wakijua mashine. Yeye chuo chake hakikuwa na mashine hizo wala kozi hizo. Alijikokota mwaka mzima, kisha akatupita wengi wetu, lakini mwaka ule ulimtoa jasho. Kwa biolojia pengo hili huzibika. Kwa hisabati na fizikia ya nadharia mimi ningekuwa mwangalifu zaidi: mtoto ambaye ataimaliza kozi ya mwisho ya hisabati mwishoni mwa mwaka wa pili anahitaji mahali penye kozi za uzamivu jirani, ama chuo kikuu chenyewe, ama chuo kidogo chenye ubia wa kweli, kama Swarthmore walivyo na Penn, yaani Chuo Kikuu cha Pennsylvania, au Harvey Mudd na vyuo wenzake vya mji wa Claremont vilivyokaa ukuta kwa ukuta. Na kwa uchumi, anayetaka uzamivu anahitaji hisabati nzito kuliko ile wanayoitaka kwenye shahada yenyewe ya uchumi. Hili wengi hulijua wamechelewa.

Vyuo vikuu vikubwa vyenye nia nzuri vimejenga njia za kuwafikisha vijana maabara mapema. MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, walianzisha mpango wao wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza mwaka 1969, na Caltech wana wao wa kiangazi tangu 1979. Penye mpango wa namna hiyo ukubwa haudhuru. Lakini mpango ulioandikwa kwenye tovuti na mpango unaotembea ni vitu viwili, na tofauti yake huijui mpaka uulize waliomo.

Kisha kuna jambo ambalo ni la wageni peke yao, na ambalo sikuwahi kuliona kwenye kijitabu chochote cha chuo. Kila kiangazi taasisi ile ya taifa ya sayansi hulipia mamia ya programu za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, wiki kama kumi hivi, na mwanafunzi wa chuo kidogo anaweza kwenda kwenye maabara kubwa na kurudi na barua. Ni daraja zuri mno. Ila fedha zake ni za raia na wakaazi wa kudumu. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo hapewi. Hata ule ufadhili mkubwa wa serikali kwa wanafunzi wa uzamivu una sharti hilohilo. Kwa hiyo mtoto wetu anayekwenda chuo kidogo lazima aulize kabla hajatia sahihi: je, chuo chenyewe kina fedha zake za utafiti wa kiangazi, na je, mgeni anazipata? Jibu likiwa hapana, viangazi vitatu vitapita bila maabara, na faida yote ya chuo kidogo niliyoisifia hapo juu inapungua nusu.

Kuhusu sheria na udaktari wa tiba nitapita haraka, maana huko mizani ni nyingine na si uwanja wangu. Shule za sheria zinatazama kwanza namba mbili, wastani wa alama na mtihani wa LSAT wa kuingilia shule hizo, na jina la chuo cha kwanza linafuata kwa mbali. Tiba nayo inaanza na alama na MCAT, mtihani wake wa kuingilia, kisha inaongeza saa za hospitali na barua. Huko kuchagua chuo chenye ushindani wa kukatana shingo kwenye kemia kunaweza kukugharimu kuliko kukufaa. Princeton waliwahi, kuanzia 2004, kuzitaka idara zisitoe alama za A kupita asilimia 35, wakaja kuliacha sharti hilo mwaka 2014. Wanafunzi waliopita kipindi hicho walibeba wastani ambao msomaji asiyejua sababu angeweza kuusoma vibaya. Tena shule nyingi za tiba za Marekani hazipokei kabisa waombaji wa kigeni. Mzazi anayempeleka mtoto huko akiwa na ndoto ya tiba lazima alijue hilo siku ya kwanza, si mwaka wa nne. Na deni: uzamivu wa sayansi unakulipa, tiba na sheria unazilipa wewe. Tofauti ya dola elfu thelathini kwa mwaka kati ya vyuo viwili vya shahada ya kwanza ni mzigo atakaoubeba hadi huko. Mpwa wangu hakuwa na tatizo hilo kwa sababu misaada ililingana. Ingekuwa haikulingana, makala hii ingekuwa na aya mbili.

Basi nilimpigia tena. Badala ya jibu nilimpa kazi. Kuuliza si ujinga, nikamwambia, na una siku tatu. Waandikie idara zote mbili za biolojia. Usiulize kama chuo ni kizuri. Uliza wahitimu wa mwaka jana waliotaka uzamivu walikwenda wapi, wote, si yule mmoja aliye kwenye tovuti. Uliza ni mwaka wa ngapi mwanafunzi huanza kufanya kazi maabara, na nani humsimamia humo kila siku: profesa, au mwanafunzi wa uzamivu, au hakuna mtu. Watafute wanafunzi wa mwaka wa tatu na uwaulize swali moja: kama ungeomba barua leo, nani angeandika, na angesema nini? Na sharti la viza kwenye fedha za kiangazi, hilo upate kwa maandishi.

Nilikuwa na hakika Swarthmore itashinda. Kila nilichokisoma kiliniambia hivyo.

Usiku wa tarehe 30 akanipigia. Swarthmore walimjibu vizuri, kwa undani, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu alimtajia watu wawili ambao wangeandika. Hopkins idara ilimjibu kwa mistari michache. Lakini hakuishia hapo. Alikuwa amesoma makala za watafiti watano wa Hopkins wanaoshughulikia kile anachokipenda, namna seli zinavyotembea, na akawaandikia mmoja mmoja, kila barua na swali lake kuhusu makala yao. Watatu hawakujibu. Mmoja alimshukuru. Wa tano alimwandikia ukurasa mzima, akamweleza wapi swali lake lilikuwa zuri na wapi alikuwa hajaielewa picha ya nne, kisha akamwambia kwamba huchukua wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza kila muhula wa pili, kwamba hukutana nao mwenyewe kila wiki, na kwamba fedha za kiangazi za maabara yake haziulizi pasipoti.

"Shangazi, huyu amenisahihisha kabla hajaniona," akasema. "Nataka kwenda huko."

Nilikaa kimya. Nilifikiria kumwambia kwamba profesa anaweza kuhama, kwamba mtu mmoja ni msingi mwembamba. Nilimwambia, kwa kweli, na akanijibu kwamba ameliuliza hilo pia, na kwamba kuna maabara nyingine mbili kwenye ghorofa ileile zinazofanya kazi za karibu. Alikuwa ameuliza zaidi ya nilivyomtuma. Nikampongeza, nikamwambia amwamshe baba yake ampe habari.

Sasa yuko mwaka wa pili. Huwa ananitumia ujumbe mfupi usiku, mara nyingi picha ya seli zilizokufa na maneno "nimeua tena". Wiki iliyopita picha haikuwepo. Aliandika tu: "Profesa ameniuliza kwa nini nimeyatupa matokeo ya Jumanne."

Nikamjibu: "Ukamwambia nini?"

Alichukua muda kuandika. Niliona zile nukta tatu zikitokea na kupotea, zikitokea tena. Kisha ukaja ujumbe mrefu, mrefu kuliko wowote aliowahi kunitumia, wenye hesabu ndani yake.